Ndege zisizo na mkia: mkia haukuondolewa, ulihamishiwa ndani ya bawa (UZI)

#1 Mkwezi wa Uluguru (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna picha ya ile ndege ya kivita ya Marekani isiyo na mkia, B-2, inazunguka kwenye magrupu kila baada ya muda, na chini yake maneno ni yale yale: "Wamarekani waliiba kwa Wajerumani." Picha ni nzuri. Maneno yananiudhi, kwa sababu yanafuta kazi ya watu waliojirusha kutoka vilimani kwa mbao na vitambaa miaka mingi kabla ya Vita Kuu ya Pili, katika nchi tano au sita, wakihangaika na swali moja. Uzi huu ni kwa ajili yao. Nitaandika kwa vipande, mwenye swali aulize hapo hapo.

Tuanze na mkia wenyewe. Ukimuuliza mtu kazi ya mkia wa ndege, wengi watakwambia ni wa kukatia kona. Kazi yake kubwa ni nyingine. Kile kibawa kidogo kilicholala kule nyuma kipo ili pua isipande wala isizame bila rubani kutaka. Bawa la kawaida, lenye mgongo uliotuna, lina tabia mbaya likiachwa peke yake: upepo ukiinua pua kidogo, mahali mnyanyuko, yaani nguvu ya hewa inayolibeba bawa, unapokusanyika panasogea mbele, na pua inazidi kuinuka. Pua ikishuka, mnyanyuko unarudi nyuma, na pua inazidi kuzama. Halitulii. Mkia, kwa kuwa uko mbali nyuma, ni kama mtoto aliyekaa mwisho kabisa wa ubao wa pembea: uzito wake mdogo unatosha kumsawazisha mtu mzima aliyekaa karibu na katikati.

Sasa ukate mkia huo. Kazi yake bado ipo, na mtu lazima aifanye. Anayebaki ni bawa.

Njia za kulifanya bawa lijitunze ni mbili. Ya kwanza, unayarudisha mabawa nyuma kwa mshazari, halafu unayasokota kidogo ili ncha zikutane na upepo kwa pembe ndogo kuliko sehemu ya katikati. Ncha hizo zipo nyuma ya kitovu cha uzito, kwa hiyo ndizo zinazokuwa mkia. Ya pili, unaacha bawa limenyooka, lakini ukingo wake wa nyuma unaukunja kwenda juu kidogo, na hapo ukingo ndio unaokuwa mkia. Wabunifu wote nitakaowataja walishika mojawapo au walizichanganya.

Kabla ya binadamu, mmea ulishapata jibu. Misitu ya Java ina mtambaazi uitwao kitaalamu Alsomitra macrocarpa, zamani Zanonia. Mbegu yake imezungukwa na utando mwembamba unaofika upana wa sentimita 13 hivi. Ikidondoka kutoka juu ya mti inateleza hewani kwa mizunguko mipana, bila mkia wala kichwa. Mwaka 1897 Friedrich Ahlborn wa Hamburg aliandika kuhusu utulivu wa mbegu hiyo. Maandishi yake yakamfikia Igo Etrich, kijana wa Bohemia ambaye baba yake alikuwa na viwanda vya nguo. Etrich akajenga glaida, yaani ndege isiyo na injini, kwa umbo la mbegu ile, na mwaka 1906 mwenzake Franz Wels aliirusha akiwa ndani yake. Baadaye Etrich alipotaka ndege yenye injini aliweka mkia, ikawa Taube ya mwaka 1910. Aliyepata jibu kwenye mbegu ndiye huyo huyo aliyeliacha.

Naendelea jioni.

#2 Kipanga wa Kusi

Nimeweka kambi hapa. Mkuu, usituache njiani.

#3 Dada Mitambo

Asante kwa uzi kaka. Nina swali, na naomba lisionekane la kubeza. Kama kazi ya mkia lazima ifanywe na mtu mwingine, faida ya kuuondoa ni nini? Mimi nafundisha fizikia sekondari, wanafunzi wangu wataniuliza hilo hilo.

#4 Mkwezi wa Uluguru (mleta uzi)

Dada Mitambo, hilo ndilo swali lenyewe, na nalijibu sasa.

Jibu la vitabuni ni kwamba mkia na kile kiwiliwili kirefu kinachoubeba vina uzito na vinakinzana na hewa, na havibebi kitu. Mara nyingi mkia unasukuma kwenda chini, hivyo bawa linabeba ndege pamoja na msukumo wa mkia. Ukibaki na bawa tupu, kila sehemu inayokutana na upepo inabeba mzigo. Ni hoja ya kweli, ila aliyekwenda mbali kwanza hakuifuata hiyo. Yeye alitafuta usalama.

John William Dunne alizaliwa Ireland mwaka 1875, akawa ofisa wa jeshi la Uingereza, akarudishwa nyumbani kutoka vita vya Makaburu kule Afrika Kusini akiwa mgonjwa. Nyakati hizo ndege za ndugu Wright zilikuwa hazimpi rubani nafasi ya kupumua. Akiacha usukani tu, zinakwenda zinakotaka. Dunne alitaka ndege ambayo rubani akiiachia inajisawazisha yenyewe. Alichagua ile njia ya kwanza: mabawa yaliyorudi nyuma kwa umbo la V, yaliyosokotwa kuelekea ncha.

Mwaka 1907 jeshi lilimpeleka Blair Atholl, milimani Scotland, kwa siri. Glaida yake ya kwanza, D.1, ilikuwa na mabawa ya ghorofa mbili. Dunne hakuirusha mwenyewe kwa sababu ya afya yake. Aliyepanda ni Kanali John Capper, mkuu wa kiwanda cha maputo cha jeshi. Ilikaa hewani sekunde chache, ikaishia kwenye ukuta, na Capper akaumia kidogo. Lakini katika sekunde zile waliona glaida inajirudisha sawa, na hicho ndicho walichokifuata. Mwaka uliofuata wakaja na D.4 yenye injini dhaifu, ikarukaruka tu. Mwaka 1909 Wizara ya Vita ikafunga mfuko.

Watu wengi wangeishia hapo. Marafiki wa Dunne walichanga, wakaunda kampuni, na ndege iliyofuata, D.5, ikajengwa na kampuni ya ndugu Short huko Eastchurch, Uingereza. Ilikuwa na mikono miwili ya kuongozea, kila mmoja ukiendesha kibao cha ncha ya bawa la upande wake. Ukivuta yote pamoja, pua inapanda. Ukivuta mmoja zaidi ya mwingine, ndege inalala na kukata kona. Tarehe 20 Desemba 1910 Dunne aliirusha mbele ya mashahidi wawili, mmoja wao Orville Wright. Akiwa hewani alitoa mikono yote kwenye usukani, akachukua karatasi na kuandika maelezo ya safari.

Orville Wright alikuwa chini anaangalia. Hapo hata miaka 10 haijapita tangu Kitty Hawk, pale yeye na kaka yake waliporusha ndege yao ya kwanza yenye injini.

Mwaka 1913 ofisa Mfaransa, Kamanda Félix, aliivusha D.8 kutoka Eastchurch hadi Villacoublay karibu na Paris. Katika maonyesho huko Ufaransa aliinuka kitini akatembea juu ya bawa la chini, ndege ikiendelea kuruka yenyewe. Kampuni ya Burgess ya Marekani ilinunua haki za kuijenga, na ndege ya kwanza kabisa ya jeshi la Canada, mwaka 1914, ilikuwa Burgess-Dunne.

Kwa nini basi hatuzioni leo? Kwa maoni yangu, utulivu ule ndio ulioiponza. Ndege inayojirudisha sawa kwa nguvu inakaidi pia pale rubani anapotaka igeuke haraka, na vita vya mwaka 1914 vilitaka ndege nyepesi kugeuka.

#5 Mzee wa Karakana

Hapo kwa Dunne umenikumbusha kitu, kijana. Mimi nimefanya kazi ya ufundi wa ndege ndogo miaka mingi. Jambo wasiloliona watu ni kwamba kwenye ndege yenye mkia unaweza kupakia mizigo ovyo kidogo na ukasalimika, maana mkia una mkono mrefu wa kurekebisha. Kwenye bawa tupu mkono huo ni mfupi. Kitovu cha uzito kikisogea sentimita chache tu umekwisha. Naomba hilo liandikwe kwa herufi kubwa kwa vijana watakaotaka kujaribu.

#6 Mkwezi wa Uluguru (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Umeligusa lenyewe. Na lipo jingine linalofanana nalo: bawa tupu haliwezi kuweka vile vibao vikubwa vya nyuma ambavyo ndege za kawaida hushusha wakati wa kutua. Ukivishusha vinasukuma pua chini, na hakuna mkia wa kuizuia. Kwa hiyo linatua likiwa na kasi, na linateleza mbali kabla ya kukubali kugusa ardhi.

#7 Mtoto wa Iten

Nawasalimu kutoka Elgeyo Marakwet. Niko na mchango kidogo. Hapa kwetu ukisimama kwenye ukingo wa bonde la Kerio, msimu ule wa upepo mzuri, utaona wageni na vijana wetu wakiruka na parashuti za kuteleza. Hizo ni bawa la kitambaa bila mkia, si ndiyo? Rubani ananing'inia chini kabisa. Ina maana ule uzito wake wa chini ndio unafanya kazi ya mkia?

#8 Mkwezi wa Uluguru (mleta uzi)

Ndiyo kaka, kwa sehemu kubwa. Uzito ulioning'inia mita kadhaa chini ya bawa unalirudisha sawa, kwa hiyo bawa lenyewe halihitaji kusokotwa sana. Glaida za kuning'inia zile za pembetatu ni ndugu wa karibu zaidi wa Dunne: mabawa yamerudi nyuma, ncha zimesokotwa, na ukingo wa nyuma unashikiliwa juu na kamba ili pua isizame.

#9 Bi Mrembo wa Mkunazini

Assalaam aleikum. Hapa Zanzibar zimeruka ndege za aina hiyo juu ya vichwa vyetu. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ilianza mradi wa kupiga picha Unguja na Pemba zote kutoka angani kwa ajili ya ramani, na vijana wa chuo chetu cha SUZA walishiriki. Vile videge walivyotumia, eBee, ni bawa tupu la sponji ngumu, pangaboi lipo nyuma, halifiki hata mita moja kutoka ncha hadi ncha. Wanakirusha kwa mkono na kinatua kwa tumbo. Nilikuwa najiuliza kwa nini hakina mkia, leo nimepata sababu: hakuna cha kuvunjika kikitua.

#10 Mkwezi wa Uluguru (mleta uzi)

Waaleikum salaam dada. Ahsante sana, huo ni mfano wa nyumbani na ni wa kweli kabisa. Naongeza kwamba ndani ya kidege kile kuna kompyuta ndogo inayorekebisha vibao vya nyuma mara nyingi kwa sekunde. Watu wa miaka ya 1920 na 1930 ilibidi warekebishe kwa mikono na kwa umbo la bawa peke yake.

Na hao ndio niwaeleze sasa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mkataba wa Versailles uliwabana Wajerumani kwenye ndege za injini. Vijana wakahamia kwenye glaida, na kilima cha Wasserkuppe, mita 950 juu ya usawa wa bahari, kikawa chuo chao. Hapo Alexander Lippisch alianza mfululizo wake wa Storch mwaka 1927, glaida baada ya glaida, akibadilisha kitu kimoja kila mara. Kazi hiyo ilimfikisha kwenye umbo la pembetatu aliloliita Delta, kisha kwenye Me 163 yenye injini ya roketi, iliyopita kilomita 1,000 kwa saa tarehe 2 Oktoba 1941. Uingereza alikuwepo Geoffrey Hill, aliyeumizwa na vifo vya marubani waliopoteza mnyanyuko na kuzunguka hadi chini. Yeye na mkewe walijenga glaida yao, ikaruka mwaka 1924, ikazaa ndege zilizoitwa Pterodactyl. Mwaka huo huo Boris Cheranovsky alikuwa Koktebel, Crimea, na bawa ambalo ukingo wake wa mbele ulipinda kwa umbo la parabola. Kila mmoja wao anastahili uzi wake.

Mimi moyo wangu uko Bonn, kwa ndugu Horten.

Walikuwa watatu: Wolfram, Walter na Reimar. Glaida yao ya kwanza, H I, waliijenga nyumbani kwa wazazi wao wakiwa vijana, ikaruka mwaka 1933. Mwaka uliofuata waliipeleka mashindano ya Wasserkuppe ikapata zawadi ya ubunifu. Haikuwa na uwezo mkubwa wa kuruka, na hawakuwa na namna ya kuirudisha nyumbani, basi wakaichoma moto wakaenda kujenga H II. Hiyo ikaruka mwaka 1935. Ilipofika H IV, mwaka 1941, upana ulikuwa mita 20 na rubani amelala kifudifudi huku amepiga magoti ndani ya bawa, kidevu kimeegemezwa, ili kisitokeze chochote cha kukinzana na hewa.

Dada Mitambo, hapa ndipo penye fizikia tamu. Wenzao wengi waliondoa mkia wa mlalo lakini wakabakisha vibao vya wima mahali fulani, kwenye ncha au katikati. Reimar hakutaka hata vibao hivyo. Tatizo lake ni hili: ukitaka kulala kushoto unaongeza mnyanyuko kwenye bawa la kulia. Mnyanyuko ukiongezeka, ukinzani nao unaongezeka, kwa hiyo bawa la kulia linavutwa nyuma na pua inageukia kulia wakati wewe unataka kushoto. Kibao cha wima ndicho hukataza hilo. Bila kibao utafanyaje?

Reimar aliugawa mnyanyuko upya. Badala ya kuusambaza kwa umbo la nusu duaradufu kama vitabu vilivyofundisha, aliurundika katikati na kuupunguza taratibu hadi kwenye ncha ukawa karibu na sifuri; ukiuchora unapata umbo la kengele. Kwenye ncha za bawa la namna hiyo hewa inapanda, hivyo nguvu ya pale inaegemea mbele kidogo. Ukishusha kibao kwenye ncha ya kulia, ncha hiyo inajivuta mbele, na pua inageukia kushoto, unakotaka. Bawa linakata kona bila kitu chochote cha wima.

Mwaka 1933 Ludwig Prandtl wa Göttingen alikuwa ameshaonyesha kwa hesabu kwamba ukilipima bawa kwa mzigo wa kuvunja mbao zake badala ya upana wake, umbo la kengele linashinda: upana unaongezeka kwa asilimia 22, na ukinzani unaotokana na mnyanyuko unapungua kwa asilimia 11. Karatasi hiyo ilikaa miongo mingi bila kuzingatiwa. Miaka ya 2010 Albion Bowers na wanafunzi wake kwenye kituo cha NASA cha Armstrong, California, walijenga glaida ndogo za mfano, wakazirusha, wakapima, na mwaka 2016 wakachapisha kwamba bawa linageuka upande sahihi lenyewe.

#11 Mpinga Upepo

Mleta uzi umesifia sana. Mbona umeruka jambo zito? Hao Horten walimfanyia kazi Hitler. Walter alikuwa rubani wa kivita. Na ile ndege yao ya jeti, Ho 229, ilikuwa haionekani kwenye rada, ndiyo maana Wamarekani waliibeba wakaigeuza B-2. Sasa ulianza uzi kwa kukana jambo lililo wazi.

#12 Mkwezi wa Uluguru (mleta uzi)

Ndugu, sehemu ya kwanza uko sahihi na sitaificha. Göring, mkuu wa jeshi la anga la Hitler, alitaka ndege ya kubeba kilo 1,000 za mabomu, umbali wa kilomita 1,000, kwa kasi ya kilomita 1,000 kwa saa, na Horten walikubali kuijenga. Ustadi wao ulitumikia utawala ule. Glaida ya majaribio iliruka mwaka 1944, na ya injini mbili za jeti iliruka Oranienburg Februari 1945. Tarehe 18 mwezi huo injini moja ilizima, ikaanguka, na rubani Erwin Ziller akafa. Ya tatu ilikutwa haijamalizika ikapelekwa Marekani, na leo iko makumbusho ya Smithsonian.

Sehemu ya pili siikubali. Habari ya rada inatokana na maneno ya Reimar mwenyewe, miaka mingi baada ya vita, kwamba alikusudia kuchanganya unga wa mkaa kwenye gundi ya plaiwudi. Wataalamu wa Smithsonian walizichunguza mbao za ndege hiyo na hawakuthibitisha dai hilo. Na kuhusu wizi, angalia tarehe: Jack Northrop wa California alirusha ndege yake ya kwanza ya kuelekea bawa tupu mwaka 1929. N-1M, bawa tupu kamili, iliruka Julai 1940. XB-35 ilikuwa na upana wa mita 52 na iliruka mwaka 1946. B-2 ya mwaka 1989 ina upana ule ule. Ndege hizo ni ukoo wa nyumbani kwao, na waliulipia kwa damu: tarehe 5 Juni 1948 YB-49 ilivunjika angani ikaua watu watano, mmoja wao Kapteni Glen Edwards. Kambi ya jeshi la anga ya Muroc, California, ikapewa jina lake, na ndani ya kambi hiyo ndiko kiliko kile kituo cha NASA kilichopima umbo la kengele.

#13 Mpinga Upepo

Tarehe zimeeleweka. Ya 1929 na 1940 sikuwa nazijua. Nimekuelewa mkuu.

#14 Kipanga wa Kusi

Mimi nataka kutengeneza la mkononi na wadogo zangu, lisilo na injini. Nianzie wapi?

#15 Mkwezi wa Uluguru (mleta uzi)

Anza na njia ya pili, bawa lililonyooka. Charles Fauvel wa Ufaransa aliishikilia hiyo maisha yake yote, na AV.36 yake ya mwaka 1951 ilijengwa zaidi ya 100, nyingi na watu binafsi kwenye mabanda yao. Upana wake ni mita 12, na kutoka pua hadi nyuma ni mita 3 na kidogo tu.

Chukua ile sponji nyeupe nyepesi inayofungiwa televisheni dukani. Kata bawa la sentimita 80 kwa 20, lipige msasa mbele liwe na mviringo na nyuma liwe jembamba. Ukingo wa nyuma wote, upana wa sentimita 3, ukunje juu milimita 2 au 3 na uushike kwa gundi ya karatasi. Weka vibao viwili vidogo vya wima kwenye ncha; ya Reimar yasubiri.

Sasa lile la Mzee wa Karakana: KITOVU CHA UZITO. Bawa la namna hii linageukageuka kitovu hicho kikipita robo ya zile sentimita 20 za kutoka mbele hadi nyuma, yaani sentimita 5. Kitovu lazima kiwe mbele ya hapo. Bandika sarafu au udongo kwenye pua mpaka bawa likae sawa juu ya vidole viwili ukilishika sentimita 3.6 kutoka mbele. Usizidishe 4.

Lirushe kwa upole kutoka usawa wa bega, pua ikielekea chini kidogo, siku isiyo na upepo, juu ya nyasi. Likipiga mbizi, ongeza mkunjo wa nyuma kidogo sana. Likipanda, likasita, kisha likadondoka, ongeza uzito mbele. Badilisha kitu kimoja kwa kila mrusho.

#16 Dada Mitambo

Hii naipeleka darasani Jumatatu. Kidato cha tatu wana sura ya nguvu na usawa, tutapima kitovu kwanza kabla ya kurusha. Mzee wa Karakana, ukiwa karibu na Morogoro karibu sana shuleni.

#17 Mzee wa Karakana

Niko Mikese, mwanangu. Nitumie ujumbe wa faragha unitajie saa.